Nusu Uliyonificha

Las Comas, Texas
3 Septemba 1974

Mdogo wangu Tello,

Mama hajambo. Goti linamsumbua, lakini bado anakwenda misa ya asubuhi kwa miguu na wajane wenzake, na ukimwambia apande gari anakuuliza nani amekwambia amekatika miguu.

Mashairi matano uliyoniletea nimeyasoma yote kwa sauti hapa jikoni, kama tunavyofanya miaka yote hii. Kilichonikwama ulimini nimekipigia mstari. Katika lile la pili umeandika jembe kwa neno la kwenye kamusi. Hapa hakuna mtu anayelitamka, labda padre. La kwetu nimekuandikia pembeni.

Sasa nina neno. Jumamosi Nelda alirudi na gazeti la wanafunzi wa chuo, na ndani yake limo shairi lako la "Mfereji", lote, kurasa mbili. Nusu ya Kihispania naijua, mimi ndiye niliyeisahihisha: kofia ya baba, maji, viatu vilivyokutwa ukingoni. Nusu ya Kiingereza sijawahi kuiona. Kila nilipokuuliza ulinijibu kwamba ni yale yale tu, umewawekea magringo, hao wazungu. Nikamwambia binti yangu anisomee, anieleze mstari kwa mstari. Alipofika katikati akanyamaza. Nikamwambia aendelee. Akasema, "Mama, hapa wamemtaja Don Chon."

Umeandika kwamba Encarnación Zepeda, mnyapara wa pamba, alishika usukani akiwa amelewa, akawatumbukiza watu tisa mferejini, akaogelea kuokoa ngozi yake mwenyewe. Jina kamili, na ukoo.

Tello, huyu ni baba yako wa ubatizo. Yeye na baba waliitana kompadre tangu siku alipokushika mbele ya padre. Lifute jina lake kabla kitabu hakijatoka. Sababu usiniulize.

Dada yako,
Eduviges


San Antonio
8 Septemba 1974

Dada yangu Eduviges,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Wewe ndiye uliyenifundisha nyimbo za mikasa za babu. Hebu niambie, ni wimbo gani kati ya hizo uliosema kwamba mtu fulani alimuua mtu fulani mahali fulani? Hakuna. Wale wazee walitaja mwaka, siku, saa, jina la ranchi na jina la aliyefyatua risasi. Hata farasi alikuwa na jina. Ndiyo sababu sherifu hakuzipenda. Watu wetu hawakuwa na mahakama wala magazeti, walikuwa na wimbo, na wimbo usiotaja jina ni kelele ya gitaa. Sasa mimi, kwa kuwa nimesoma, niwe mwoga kuliko babu aliyetia sahihi kwa msalaba?

Wala sikumzulia. Siku ya tisa ya rozari ya matanga ya baba nilikuwa na miaka sita, nimejificha chini ya meza ya mishumaa. Nilimwona Don Chon akipiga magoti katikati ya sebule, kofia mkononi, na nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani." Watu wote walisikia. Doña Tacha alimtemea mate. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Kama yeye mwenyewe alisema, mimi nimemkosea nini?

Unaniambia ni baba yangu wa ubatizo. Sawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mnyapara ndiye mkono ambao mwenye shamba anautumia ili wa kwake usichafuke, na tukiendelea kuwaheshimu wanyapara kwa sababu walitushika kwenye maji ya baraka, watatushika shingoni hadi kiyama.

Unajua nimepigania nini kwa ajili ya kitabu hiki. Wale wachapishaji wa mashariki walikitaka, mradi nikiondoe Kihispania chote, au nikisukume chini ya ukurasa kwa herufi ndogo kama mtumishi anayekula jikoni. Nilikataa. Mimi ni mtoto aliyepigwa rula viganjani kwa kuomba maji kwa lugha ya mama yake. Nimeandika kwa lugha zote mbili, bega kwa bega, na Fidencio atakichapa hapa kwenye matbaa yake ndogo bila kugusa nukta. Usinitake nikate kwa ajili yenu kile nilichokataa kukata kwa ajili yao.

Nakupenda, na silifuti.

Mdogo wako,
Tello


Las Comas
15 Septemba 1974

Tello,

Umenihutubia vizuri. Nilitazama dirishani kuona kama kuna umati.

Nijibu mambo mawili bila kupanda jukwaani. Kwanza, ulevi umeutoa wapi? Chini ya meza ile ulisikia usukani. Hukusikia ulevi, kwa sababu haukusemwa. Pili, nilimwambia Nelda anitafutie jina la mwenye shamba, yule aliyelifunga lori kwa waya badala ya kununua breki. Akatafuta juu hadi chini. Umemwita "bwana mmoja wa pamba". Chon, ambaye leo anatengeneza cherehani za watu barazani kwake, umempa jina na ukoo. Yule mwenye mawakili umempa "bwana mmoja". Babu zako walikuwa wakifanya hivyo? Katika nyimbo zao ni farasi peke yake waliyemtaja?

Nakwambia na jingine, kwa sababu limenichoma kuliko yote. Unasema umeweka lugha mbili bega kwa bega. Mimi naona umejenga ukuta katikati. Nusu yenye machozi umetuletea sisi tusahihishe vituo. Nusu yenye mawe umeipeleka upande ambao mimi, mama na Don Chon hatuwezi kusoma. Umewaambia wageni kwa lugha yao jambo uliloogopa kutuambia sisi kwa lugha yetu. Kama ni kweli na ni haki, kwa nini hukuniletea jikoni?

Mama hajui lolote bado. Anashangaa tu kwa nini Don Chon hakuja Alhamisi kuchukua maharage yake. Vijana wa chuo wamelibandika shairi lako kwenye ukuta wa duka la mikate. Wanakiweza Kiingereza kuliko Kihispania wale, na wote ni wajukuu wa watu wetu.

Nakuomba mara ya pili, na mara ya tatu sitaomba. Lifute.

Eduviges


San Antonio
22 Septemba 1974

Dada,

Kuhusu mwenye shamba: wakili mmoja rafiki wa Fidencio alituonya kwamba watatufungia matbaa. Najua inavyoonekana. Usinitoneshe kidonda.

Kuhusu mengine, sina jibu zaidi ya lile la kwanza. Kitabu kimeshapangwa, kinasubiri mashine. Jumamosi ijayo nitakuwa huko bondeni, chuoni, nimealikwa kusoma. Nitausoma "Mfereji" wote. Watakuwepo watu mia tatu. Njoo, umlete mama akae mbele, amwone mwanawe akisimama mahali ambapo baba hakuruhusiwa hata kufagia.

Unanificha kitu. Nakufahamu, ukificha kitu sentensi zako zinakuwa fupi. Kama una sababu, iseme. Kama huna, niache nifanye kazi yangu.

Tello


Las Comas
1 Oktoba 1974

Eleuterio,

Hatukuja chuoni. Nimesikia walikupigia makofi wamesimama.

Nikueleze kilichotokea baada ya makofi. Jumapili saa nane mchana, tulipotoka kula, lori dogo lilisimama mbele ya nyumba ya Don Chon. Vijana watano. Yeye alikuwa barazani na cherehani ya mke wa mwokaji. Mmoja alikuwa na karatasi yako, akaisoma kwa sauti pale barabarani, ile nusu ya Kiingereza. Don Chon hakuelewa ila jina lake. Jirani anasema aliposikia jina alivua kofia, kama mtu anayeitwa mahakamani. Wakamwita muuaji, hilo walilisema kwa Kihispania, tena kwa matamshi mabaya. Kisha mawe. La kwanza lilivunja dirisha. La pili lilipiga kioo kilichobaki, na kipande kikamwingia jichoni. Yuko hospitalini. Jicho la kushoto halitarudi. Ana miaka sabini na moja.

Polisi alipomuuliza ni nani waliomrushia, alijibu kwamba alijikwaa.

Sasa nakueleza sababu uliyoitaka. Niliapa kwa mama nikiwa na miaka kumi na mitatu, na leo navunja kiapo.

Aliyekuwa kwenye usukani ni baba.

Wiki ile zamu ya maji ya shamba iliangukia kwake. Siku mbili, usiku na mchana, alikuwa amesimama kwenye matope akifungua na kufunga mifereji, kwa sababu mwenye shamba hakutaka kuweka mtu wa pili. Siku ya tatu akatakiwa kwenye pamba. Don Chon alikuwa na jipu mkononi, hawezi kubadili gia. Baba akasema, nipe funguo, kompadre. Akampa. Karibu na daraja baba alisinzia. Don Chon, aliyekaa ubavuni kwake, alitoka kupitia dirishani. Akapiga mbizi mara tatu kumtafuta. Wale wawili waliopona walikuwa nyuma, chini ya turubai, hawakuona kitu.

Siku zile tisa za rozari watu walikuwa wakisema sebuleni kwetu, huku wakinywa kahawa yetu, kwamba wakimjua aliyeendesha, yeye na kizazi chake hawatapewa salamu katika mji huu. Doña Tacha alikuwa amezika mume na mtoto wa miaka kumi na sita. Mama alikuwa na sisi wawili na hakuwa na pa kwenda. Siku ya nane nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, nikamsikia Don Chon akimwambia mama, "Komadre, mfu hawezi kujitetea, na wewe huwezi kuhama. Mimi sina mke wala mtoto. Niliapa kanisani kwamba kompadre Macedonio akikosekana, wanawe ni wangu. Basi nipe huu mzigo." Mama alikataa. Kesho yake Don Chon akapiga magoti bila ruhusa yake.

Ndicho ulichokiona chini ya meza. Uliona kweli, na hukuelewa, na ukakiandika kwa lugha ambayo hakuna mtu wa kukusahihisha.

Tangu siku ile hakuna aliyepanda lori lake. Miaka ishirini na mitatu anakaa benchi la mwisho kanisani, peke yake.

Eduviges


San Antonio
5 Oktoba 1974

Dada,

Nimeandika na kuchana tangu juzi.

Ulevi niliubuni. Mstari ulikuwa mfupi, ukahitaji kitu chenye uzito. Hiyo ndiyo kweli yote, na ukiionyesha kwa mtu sitakulaumu.

Nimemwambia Fidencio asimamishe mashine. Shairi nitaling'oa. Sitalisoma tena popote. Watakaouliza nitawaambia silipendi tena, washairi hubadilika, hakuna atakayeshangaa. Mama abaki na wajane wake. Don Chon nitakuja kumwangukia miguuni kimya kimya, jambo liishe.

Lakini niruhusu nami niseme. Mlinilea ndani ya uongo na mkanitazama nikikua nao. Kila mwaka nilipokuja mlisikia nikimtukana Don Chon mezani, mama akinipakulia maharage. Uliniacha nichukie, kwa sababu chuki yangu ilikuwa sehemu ya maficho yenu. Nusu moja nilikuficha mimi. Nusu nyingine mlinificha nyinyi.

Vipi jicho?

Tello


Las Comas
12 Oktoba 1974

Mwanangu wa ubatizo, Eleuterio,

Barua hii naisema mimi, dada yako anaandika. Ukikuta maneno mazuri ni yake. Mabaya ni yangu, nimemwapisha asiyarekebishe.

Nimetoka hospitalini. Jicho lililobaki linatosha kutia uzi kwenye sindano, na kwa kazi yangu hakuna kingine cha kuona.

Nimesikia unataka kuliondoa shairi. Usiliondoe. Ukilitoa wataanza kuuliza kwa nini, na wewe una domo, mwanangu, ulikuwa nalo hata siku ya ubatizo, ulimpigia padre kelele mpaka akasahau mstari. Utajieleza. Ukianza kujieleza utafika kwa Macedonio. Liache jina langu pale lilipo. Limeshakaa juani miaka ishirini na mitatu, halina rangi ya kupauka tena.

Wala usidhani nimekuwa mtakatifu. Asubuhi ile nilimwona baba yako akipepesa macho. Niliona, na funguo nikampa, kwa sababu kila tukichelewa mimi ndiye niliyekuwa nikitukanwa na mwenye shamba. Kwa hiyo nilipopiga magoti sikusema uongo mtupu. Mkono wangu ulikuwa na jipu, si macho.

Ulevi tu ndio ulioniuma. Sijawahi kunywa, tumbo langu halikubali hata bia ya harusi. Hilo ukiweza kulifuta, lifute. Mengine acha.

Vijana wale usiwaseme kwa polisi. Mmoja ni mjukuu wa Tacha.

Mungu akulinde,
Encarnación Zepeda
(kwa mkono wa Eduviges)


Las Comas
20 Oktoba 1974

Tello,

Mambo yamenitoka mkononi. Don Chon alipokuwa akinitamkia ile barua, maana ni yeye aliyetunga na mimi nikaandika, mama alikuwa chumba cha pili anapiga pasi vitambaa vya altare. Nilidhani redio imemziba masikio. Kumbe alikuwa ameizima.

Akaja akasimama mlangoni na pasi mkononi. Akamtazama yule mzee na bandeji yake. Don Chon akasimama, akaanza kusema kwamba ni maongezi ya watu wazima tu, kana kwamba mama ana miaka minane. Mama akamwambia, "Kaa, kompadre. Umesimama vya kutosha."

Akataka nimsomee barua zako zote, na zangu. Nilisoma. Alipiga pasi muda wote, kitambaa kile kile kimoja, mpaka nikaogopa kitaungua. Nilipomaliza aliuliza swali moja, shairi lilisomwa chuoni mbele ya watu wangapi. Nikamwambia mia tatu. Akasema, na nakuandikia kama alivyosema:

"Hapa kwetu, kwa Kihispania, nitasema mimi. Kule, kwa Kiingereza, aseme yeye. Kila mtu afute alipochafua."

Atawaambia wenzake Siku ya Marehemu, makaburini, wakienda kupalilia. Kila mwaka wanakwenda pamoja, wana majembe yao na chupa ya kahawa, na wakimaliza makaburi yao wanapalilia ya baba kwa pamoja. Hao ndio watu alionao, Tello. Ndio wanaojua dawa za goti lake. Nimemsihi asubiri. Don Chon amemsihi kwa machozi, jicho moja linalia na lile jingine sijui. Hasikii la mtu.

Na wewe amekukataza kuja siku hiyo. Anasema ukija utaanza kuhutubia.

Nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Tacha hajasamehe kitu chochote maishani mwake, hata kuku.

Eduviges


Mji wa chuo, bondeni
30 Oktoba 1974

Dada, mpe mama barua hii mkononi, umsomee.

Nimesema. Jana alasiri, ukumbi ule ule. Waliniuliza nitasoma nini, nikawaambia nitausoma "Mfereji" kwa mara ya mwisho, wakapiga miluzi ya furaha. Nilisoma nusu ya Kihispania. Nilipofika kwenye Kiingereza nikaiweka karatasi chini. Nikawaeleza kwa Kiingereza, polepole, kama Nelda anavyokueleza wewe, kwamba aliyeendesha ni Macedonio Cantú, baba yangu, kwamba alikuwa hajalala siku mbili, kwamba Encarnación Zepeda hajawahi kulewa maishani, na kwamba ulevi niliutunga mimi kwa sababu mstari ulikuwa mfupi.

Kisha mmoja nyuma akaniita msaliti, nimenunuliwa. Wakaanza kutoka, safu kwa safu. Mwingine alinifuata hadi jukwaani, kijana mwenye mikono mikubwa, akaniuliza bila heshima, "Sasa tumchukie nani?" Nikamtajia mwenye shamba. Jina, ukoo, na jina la kampuni yake, mbele ya waliobaki. Nikarudia ili waandike. Yule kijana hakuandika. Akasema, "Mimi ndiye niliyerusha jiwe la pili." Akaondoka. Nadhani ndiye mjukuu wa Tacha, ana pua yake.

Fidencio nilimpigia simu. Alinitukana dakika tatu kwa lugha zote mbili, halafu akasema anaandaa ukurasa mpya, na jina la mwenye shamba litakuwemo, wakitufungia watufungie.

Ndani ya bahasha kuna shairi jipya. Lote. Kwa mara ya kwanza nakuletea nusu zote mbili. Soma kwa sauti jikoni, Nelda akusaidie upande wa pili, na kila kinachokukwama kipigie mstari, hata kama ni ukurasa mzima.

Mama, siji, kama ulivyosema. Jumamosi nitakuwa nimekaa karibu na simu, ingawa najua huna.

Tello


Las Comas
3 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Jana alisema.

Walikuwa wanane, na mimi wa tisa kwa ajili ya kubeba maji. Mama hakungoja wamalize kupalilia. Walipofika kwenye kaburi la baba, na Tacha alikuwa ameshainama kung'oa nyasi, mama akasema, "Anastasia, acha. Hili usipalilie mpaka unisikilize." Akawaambia, amesimama, ameshika mpini wa jembe. Hakumlilia mtu wala hakuomba radhi katikati. Alianza na zamu ya maji akaishia na siku ya tisa.

Tacha alikuwa bado ameshika konzi ya nyasi. Mwishowe akauliza, "Alikuwa amelala, au alikuwa amelewa?"

"Amelala," mama akasema. "Alikuwa siku mbili kwenye maji ya shamba."

Tacha akaziweka zile nyasi juu ya kaburi, taratibu, kama anarudisha kitu kisicho chake. Akachukua jembe lake akaondoka. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Wawili walimgusa mama begani walipopita. Chupa ya kahawa waliiacha. Mama akamaliza kupalilia peke yake, hakutaka nimsaidie.

Leo misani alikaa benchi lake, mahali pake pa siku zote, na hakuna aliyekaa naye ila sisi. Wenzake walihamia upande wa sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Mama aliimba nyimbo zote. Don Chon alichelewa, akaenda kukaa benchi lake la mwisho na bandeji yake. Padre alipotuambia tupeane amani, Tacha aliinuka. Unajua tangu walipotuletea desturi hii ya kupeana mikono hajawahi kumpa Don Chon wa kwake. Alitembea kutoka mbele hadi nyuma, kanisa zima limesimama linamtazama, akimvuta mjukuu wake nyuma yake kwa kiwiko kama polisi. Akafika kwenye benchi la mwisho, akampa yule mzee mikono yote miwili. Don Chon alimwambia yule kijana kitu kilichomchekesha huku analia, sikusikia.

Wakati wa kurudi Tacha alipita kando ya benchi letu. Mama alikuwa amenyoosha mkono. Tacha hakuupokea.

Njiani nilimwambia mama kwamba labda mwakani. Akasema, "Labda. Chon alingoja ishirini na mitatu, mimi nina haraka gani." Nilimwambia apande gari, goti limevimba. Akaniuliza nani ameniambia amekatika miguu.

Mchana tulisoma shairi lako jikoni, mama, mimi, Nelda, na Don Chon aliyekuja kwa ajili ya maharage yake. Nusu ya kwanza niliisoma mimi. Ya pili nilitaka Nelda aeleze kwa Kihispania, mama akakataa. Akasema, "Soma tu kama ilivyo. Nataka kusikia kule wameambiwa vipi." Nelda akasoma. Mama alitulia, mikono mapajani, kama anayesikiliza Kilatini cha zamani. Lilipofika jina la Macedonio Cantú akaitikia kwa kichwa. "Hapo," akasema, "hapo nimeelewa."

Nimekwama kwenye mstari mmoja tu. Karibu na mwisho, katika nusu zote mbili, umeandika kwamba baba yako wa ubatizo amekusamehe. Nilimtazama Don Chon nilipofika hapo. Alikuwa anatafuna, hakusema ndiyo wala hapana. Nimeufuta. Hujamuuliza bado.

Alhamisi anakuja tena kula. Njoo umuulize kwa mdomo wako, na mstari huo tutauandika baadaye, kama utakuwepo.

Dada yako,
Eduviges